Kuwinda Fezanti kwa Mbwa wa Labrador Huko South Dakota: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Fezanti ni ndege wa jamii moja na kuku, kwale na kanga, na mtu aliyewahi kuona jinsi kanga wa Dodoma au Kitui wanavyotimua mbio vichakani kabla ya kukubali kuruka tayari anaijua nusu ya tabia yake. Asili yake ni Asia. Mwaka 1881 na 1882 Owen Denny, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani mjini Shanghai, alisafirisha fezanti hadi Oregon, nao wakazaana huko. Katika jimbo la Marekani la South Dakota walitulia kwenye wilaya ya Spink kuanzia mwaka 1908 na 1909, na msimu wa kwanza wa kuwawinda ulifunguliwa hapo tarehe 30 Oktoba 1919 kwa siku moja tu. Mwaka 1943 jimbo lilimtangaza kuwa ndege wake rasmi, na hadi leo wawindaji humiminika huko kila vuli kwa ajili yake.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kumwinda kwa miguu ukiwa na mbwa mmoja wa kuokota mawindo, hasa Labrador. Wapo mbwa wa aina nyingine ambao wakimnusa ndege husimama tuli na kukuonyesha alipo, nawe ukapata muda wa kusogea. Labrador kwa kawaida hafanyi hivyo. Yeye hufuata harufu, humkurupusha ndege hapo hapo, kisha humleta akishaanguka. Maana yake ni kwamba ndege huruka pale alipo mbwa, na kama mbwa yuko hatua themanini mbele yako, ndege huyo si wako. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kumdhibiti mbwa, na sehemu ndogo tu inahusu shabaha.

Hatua ya kwanza: ijue sheria kabla ya kununua chochote

Msimu wa fezanti South Dakota hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba na kuendelea hadi tarehe 31 Januari. Muda wa kuwinda huanza saa nne asubuhi, kwa saa za ukanda wa kati wa Marekani, na kwisha jua linapotua. Mwindaji anaruhusiwa majogoo watatu kwa siku. Mtetea haguswi kabisa. Leseni hutolewa na idara ya jimbo iitwayo Game, Fish and Parks, na ile ya mawindo madogo kwa asiye mkazi wa jimbo humpa siku kumi zilizogawanywa katika vipindi viwili vya siku tano tano. Kanuni hizi hupitiwa mara kwa mara, kwa hiyo fuata kijitabu cha mwaka husika na si maneno ya jirani. Aliye chini ya miaka 16 kwa kawaida hutakiwa awe amehitimu mafunzo ya usalama wa uwindaji, na ingawa mtu mzima halazimishwi na sheria ya jimbo hilo, kwa maoni yangu mtu ambaye hajawahi kushika bunduki asiingie shambani bila mafunzo hayo, maana anatembea na watu wengine na mbwa wake mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye si raia wa Marekani liko jambo zito zaidi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda kumiliki au kushika bunduki na risasi zake, isipokuwa anapoangukia katika vighairi vilivyotajwa, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye ukaazi wa kudumu hahusiki na katazo hilo. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, hata kama kosa lilihesabiwa kuwa dogo, amezuiwa. Kosa la bunduki linaweza kumharibia mtu makaratasi yake ya uhamiaji, kwa hiyo aliye na shaka yoyote amwone mwanasheria kabla ya kwenda dukani.

Baada ya hapo jua utawinda wapi. Shamba la mtu binafsi linahitaji ruhusa yake, na njia bora ya kuipata ni kubisha hodi mapema, wiki kadhaa kabla ya msimu, bila bunduki na bila kundi la watu. Pia kuna ardhi za umma zinazotengwa na jimbo au serikali ya shirikisho, na mashamba ya watu binafsi ambayo jimbo limeyakodi ili wawindaji wayaingie kwa miguu. Katika ardhi nyingi za umma marisawa, yaani chembe ndogo za kupigia ndege, ya madini ya risasi hayaruhusiwi kwa sababu ya sumu yake kwa ndege wa majini wanaoyameza. Hapo utatumia ya chuma au ya madini mengine yasiyo na sumu. Sheria ya South Dakota inaruhusu pia kuwinda kwenye mitaro ya kando ya barabara za umma kwa masharti ya umbali kutoka nyumba na mifugo, ila simshauri yeyote anayeanza kumwachia mbwa mahali ambapo magari yanapita kasi.

Hatua ya pili: chagua mbwa kwa afya ya wazazi wake

Mababu wa Labrador ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland waliopelekwa Uingereza karne ya 19, wakaendelezwa huko na watu wa tabaka la juu kwa ajili ya kuokota ndege. Klabu ya mbwa ya Uingereza ilimtambua mwaka 1903, na ile ya Marekani mwaka 1917. Leo kuna koo za mashindano ya uzuri, ambazo ni nene na nzito, na koo za kazi, ambazo ni nyembamba na zina moto zaidi. Kwa kutembea nyasi ndefu mchana kutwa chukua ukoo wa kazi. Rangi, iwe nyeusi, ya manjano au ya chokoleti, haina uzito wowote.

Muuzaji akuonyeshe vyeti vya picha za eksirei za nyonga na viwiko vya wazazi wote wawili, vya macho yao, na kipimo cha jeni cha ugonjwa unaomfanya mbwa aishiwe nguvu za miguu ya nyuma baada ya mazoezi makali. Ugonjwa huu, ambao chanzo chake cha kijenetiki kilibainishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, humpata mbwa aliyerithi nakala mbili za jeni yenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama. Ukikuta muuzaji anabadilisha mazungumzo unapouliza vyeti, ondoka. Mtoto wa mbwa huchukuliwa akiwa na wiki saba au nane, na chanjo zake, pamoja na ile ya kichaa cha mbwa, zifuate ratiba ya daktari wa mifugo.

Hatua ya tatu: utii na filimbi, kabla ya ndege yeyote

Katika miezi ya kwanza mbwa ajifunze mambo machache na ayajue kikweli. Akae akiambiwa, aje akiitwa, atembee kando yako bila kuvuta kamba, na aachie kitu mkononi mwako bila kung'ang'ania. Tumia neno moja kwa kila amri na usilibadilishe. Kaa, Njoo, Leta, Achia na Tafuta yanatosha kabisa, na kuyatumia kwa Kiswahili kuna faida ambayo wengi hawaifikirii: mwenzako anapomfokea mbwa wake kwa Kiingereza upande wa pili wa shamba, wako hashughuliki.

Mara neno linapoeleweka, liunganishe na filimbi, kwa sababu sauti ya binadamu haifiki mbali kwenye upepo wa mbuga na, zaidi ya hayo, fezanti huitambua na kuikimbia. Mlio mmoja mrefu uwe na maana ya kaa chini na unitazame. Milio mitatu mifupi, rudi. Milio miwili mifupi, geuka na utafute upande wa pili. Fundisha amri ya kukaa ukiwa karibu naye, kisha ukiwa umbali wa hatua kumi, kisha akiwa anakimbia kuelekea kwako, na mwisho akiwa anakimbia kwenda mbali nawe, ambako ndiko atakakoihitaji.

Kuokota kuanze kama mchezo ndani ya korido nyembamba ya nyumba, ambapo mtoto wa mbwa hana njia ila kurudi kwako. Tupa soksi iliyofungwa fundo mara tatu nne, kisha uache angali anataka zaidi. Anapobadilisha meno, kati ya mwezi wa nne na wa sita, punguza mazoezi ya kuokota, maana fizi zinamuuma, na akihusisha kubeba na maumivu atajifunza kudondosha. Baadaye hamia kwenye kifuko cha mazoezi cha turubai, umtupie kwenye nyasi fupi, halafu kwenye nyasi zinazokificha ili alazimike kutumia pua.

Hatua ya nne: ndege kwanza, mlio wa bunduki baadaye

Mpangilio huu haubadilishwi. Mbwa akutane na manyoya, apende manyoya, na ndipo asikie mlio. Anza na bawa la fezanti lililofungwa kwenye kifuko, halafu njiwa aliyekufa, halafu njiwa hai aliyefungwa mabawa kwa muda, mpaka umwone mbwa akimvamia bila kusita na kumbeba kwa mdomo laini.

Ndipo msaidizi asimame hatua mia moja hivi kutoka hapo na bastola ya mazoezi isiyo na risasi, na afyatue wakati mbwa yuko katikati ya kumfukuza ndege, akili yote iko kwa ndege. Mtazame mbwa. Asipogeuza hata sikio, msaidizi asogee kidogo siku nyingine, na baada ya siku kadhaa aanze kutumia bunduki yenye mlio mdogo. Akisita, akirudisha mkia au akija kujificha miguuni pako, simamisha zoezi, rudi kwenye ndege bila mlio kwa wiki kadhaa, kisha uanze tena kwa umbali mkubwa zaidi. Kumpeleka mtoto wa mbwa kwenye uwanja wa shabaha na kumfunga hapo ili azoee ndiyo njia ya haraka ya kumharibu, na mbwa aliyeingiwa na woga wa bunduki ni kazi kubwa kumrudisha, wengine hawarudi kamwe.

Hatua ya tano: kutafuta ndani ya masafa, na kusimama kwa filimbi

Hapa ndipo penye uwindaji wenyewe. Mbwa anatakiwa atafute mbele yako kwa kwenda kushoto na kulia, akivuka mstari wako wa kutembea, asizidi hatua ishirini na tano hivi kutoka ulipo. Umbali huo una sababu yake: fezanti akiruka hatua ishirini na tano mbele, hadi ubebe bunduki begani na kumthibitisha kuwa ni jogoo, atakuwa amefika hatua thelathini na tano au arobaini, na zaidi ya hapo marisawa hutawanyika, yakamjeruhi bila kumwangusha.

Kumfundisha, tembea shambani kwa mwendo wa nyoka ukielekea upepo. Ukigeuka kulia piga milio miwili mifupi na unyooshe mkono upande huo. Mbwa, ambaye hapendi kuachwa, atageuka nawe. Ficha mabawa au njiwa kwenye nyasi karibu na mstari wako, kamwe usiyaweke mbali, ili ajifunze kwamba ndege wanapatikana karibu na bwana wake na kwamba kukimbilia mbali hakuna malipo.

Kisha lifuate jambo ambalo, nikiulizwa, nitasema ndilo linalomtenga mbwa wa fezanti na mbwa wa kawaida. Fezanti hapendi kuruka. Akisikia mnakuja huinamisha kichwa na kukimbia kati ya mashina ya nyasi, anaweza kwenda mita mia mbili bila kuonekana, na mbwa mwenye pua nzuri humfuata kwa kasi ile ile. Utaliona kwa macho: mbwa alikuwa akitikisa mkia kwa utaratibu, ghafla mkia unaanza kuzunguka kwa kasi, kichwa kinashuka, mabega yanazama kwenye nyasi, na anaacha kwenda kushoto na kulia, anakata moja kwa moja mbele. Una sekunde chache za kuamua. Ukikimbia nyuma yake utafika ukihema na mikono ikitetemeka, na kukimbia na bunduki yenye risasi ni hatari. Ukimwacha, jogoo ataruka hatua sabini mbele na utabaki kumwangalia.

Dawa yake ni ule mlio mmoja mrefu. Mbwa anakaa papo hapo juu ya harufu, anakutazama, nawe unatembea kwa hatua za kawaida hadi umkaribie, kisha unamwambia Tafuta. Harufu haijaenda popote. Jogoo naye, akidhani amewapoteza, mara nyingi amepunguza mwendo au amejibanza. Mnaweza kurudia hivyo mara kadhaa kwa ndege mmoja, na mwisho jogoo hufika kwenye ukingo wa nyasi, mtaro au shamba lililovunwa, asipate tena pa kujificha, akalazimika kuruka mbele ya bunduki.

Kumzoesha mbwa kukaa akiwa juu ya harufu ya moto kunahitaji subira. Buruta njiwa aliyekufa kwenye nyasi kwa kamba, mita hamsini, kisha mita mia, mwache mbwa afuate akiwa na kamba ndefu, na msimamishe kwa filimbi njiani. Malipo ya kukaa yawe ni kuruhusiwa kuendelea. Mbwa akielewa kwamba kutii filimbi hakumnyang'anyi ndege bali humpatia, zoezi limekamilika. Wengine hutumia kola ya umeme. Chombo hicho si cha kufundishia amri mpya, na mtu ambaye hajaonyeshwa na mkufunzi namna ya kukitumia atamharibu mbwa kwa siku moja.

Hatua ya sita: bunduki, nguo na vifaa

Shotgani, yaani bunduki ya marisawa, ya geji 12 au geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) inafaa, na nyepesi ni bora kuliko nzito kwa kuwa utaibeba saa nyingi na kuitumia kwa dakika. Mdomo wa mtutu usiwe wa kubana sana mwanzoni mwa msimu, ndege wanaporuka karibu. Kwa marisawa ya madini ya risasi watu wengi huchukua namba 4, 5 au 6 (namba ikipungua, marisawa huwa makubwa zaidi); kwa ya chuma, ambayo ni mepesi zaidi, huchukua makubwa kidogo, namba 2 au 3. Vaa kofia na kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, hata pale ambapo sheria haikulazimishi, na mbwa naye avae kizibao cha rangi hiyo hiyo, ambacho pia humkinga kifua na seng'enge. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, kisu, koleo ndogo, bandeji na kipimajoto.

Hatua ya saba: lisome shamba na upepo

Fezanti hulala kwenye nyasi ndefu, asubuhi hutoka kwenda kula kwenye mahindi, mtama au soya, mchana hujipumzisha kwenye vichaka karibu na chakula, na alasiri hula tena kabla ya kurudi nyasini jua likikaribia kutua. Kwa kuwa uwindaji huanza saa nne, wakati ndege wengi wako mashambani au wanarejea, ukingo unaokutanisha nafaka na nyasi ndio wa kuanzia. Saa ya mwisho kabla ya machweo ni nzuri kuliko zote kwenye nyasi zenyewe. Baada ya theluji kuanguka na nyasi nyepesi kulala, hamia kwenye matete ya vinamasi na safu za miti ya kukinga upepo, maana ndege nao wamehamia huko. Lakini barafu ya Desemba inayoonekana ngumu inaweza isimudu uzito wa mtu wala wa mbwa, na kinamasi chenye maji ya kina kiachwe.

Anza kutembea ukielekea upepo, ili harufu imjie mbwa usoni. Fika kimya. Milango ya gari isipigwe, filimbi isipulizwe bila sababu, na watu wasiitane. Tembea polepole, simama mara kwa mara kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, kwani jogoo aliyejibanza huvumilia nyayo zinazopita kuliko anavyovumilia nyayo zilizosimama karibu naye. Ukifika mwisho wa nyasi usifungue bunduki mapema, kwa sababu ndege waliokuwa wakikimbia mbele yenu wote wameishia hapo.

Hatua ya nane: kupiga au kutopiga

Jogoo ana uso mwekundu, kichwa cha kijani kinachometameta, pete nyeupe shingoni, kifua cha rangi ya shaba na mkia mrefu wenye milia. Mtetea ni wa kahawia iliyofifia mwili mzima. Ukiwa umeelekea jua, rangi zote hupotea na kubaki umbo jeusi. Hapo tegemea masikio, kwani jogoo akiruka mara nyingi hupiga kelele ya kukwaruza, na mtetea huondoka kimya. Usipokuwa na hakika, mwache aende.

Kanuni ya pili ni ya mbwa. Piga tu pale unapoona anga wazi chini na nyuma ya ndege. Ndege anayeruka chini chini ana mbwa nyuma yake, tena mbwa anayeruka kumdaka, na mbwa hupigwa risasi hivyo kila mwaka. Kanuni ya tatu, kila mwenzako awe anaonekana kabla hujainua bunduki, na kila mmoja apige upande wake tu. Kiwambo cha usalama, kinachozuia bunduki isifyatuke, kiondolewe bunduki ikiwa inapanda begani, si kabla.

Hatua ya tisa: kuokota

Ndege akianguka usimtafute mwingine wa kupiga. Kazia macho mahali alipoangukia, chagua shina au ua lililo mbele yake, na usilipoteze hata ukijaza risasi nyingine. Jogoo aliyevunjika bawa hafi alipoanguka. Hutua kwa miguu na kukimbia, na bila mbwa wengi wa namna hii hupotea, wakafa baadaye bila faida kwa mtu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuwinda na Labrador, na ndiyo sababu ya kumpeleka mara moja pale unapoona ndege ameanguka akiwa na kichwa juu.

Mpitishe mbwa upande ambao upepo unaelekea kutoka mahali hapo. Kama hakuona ndege akianguka, mlete karibu kwa filimbi na ishara za mkono, mwambie Tafuta, kisha nyamaza na usikanyage eneo hilo, maana nyayo zako huchanganya harufu. Akiondoka kwa kasi kuelekea mahali ambapo wewe una hakika ndege hakuangukia, mwache. Huenda anafuata mkimbiaji, na pua yake inajua jambo ambalo macho yako hayakuliona. Mpokee ndege kwa mkono wako, akiwa amekaa, na hakikisha amekufa kabla ya kumtia mfukoni. Aliye hai amalizwe haraka.

Hatua ya kumi: mlinde mbwa shambani

Joto huua mbwa wa fezanti zaidi ya wanavyodhani watu wanaohusisha South Dakota na theluji. Wikiendi ya ufunguzi wa mwaka 2003 ilikuwa na joto kali, na mbwa wengi wa kuwindia walikufa jimboni humo. Labrador hatasimama mwenyewe; ataendelea mpaka aanguke. Mpumzishe na kumnywesha kila baada ya muda mfupi, na siku yenye jua kali winda naye kwa saa moja kisha umrudishe kivulini. Ulimi uliopanuka na kuiva wekundu, mate mazito ya kunata, macho yaliyokodoka na miguu inayoyumba ni dalili za hatari. Joto la mwili la mbwa kwa kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, na likizidi 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mmwagie maji mwili mzima papo hapo, mwelekeze kwenye upepo au kiyoyozi cha gari, na mkimbize kwa daktari hata akionekana amepata nafuu.

Mwisho wa kila siku mpapase kuanzia kichwani hadi mkiani. Tazama ndani ya masikio, kwenye pembe za macho, makwapani na kati ya vidole, kwa kuwa mbegu za nyasi zenye mwiba hupenya ngozi na kusafiri ndani ya mwili, zikasababisha usaha wiki kadhaa baadaye. Mipasuko ya seng'enge huwa imefichwa na manyoya ya kifuani. Mlishe chakula kamili jioni, si asubuhi kabla ya kazi, ila mpe vipande vidogo njiani.

Hatua ya kumi na moja: nyama

Mtoe ndege matumbo mapema, umweke mahali pa baridi, na mwachie mguu, kichwa au bawa lenye manyoya mpaka ufike nyumbani, kwani sheria inamtaka mkaguzi aweze kuthibitisha kuwa ni jogoo. Kucha ya nyuma ya mguu hukueleza umri: fupi na butu ni ya jogoo wa mwaka huo, ndefu na kali ni ya mzee, naye huhitaji moto wa muda mrefu.

Msomaji Mwislamu abebe kisu chenye makali na asikitumie kwa kukata kamba. Aya ya nne ya Suratul Maida inaruhusu kula windo la mnyama aliyefunzwa, jina la Mwenyezi Mungu likishatajwa, na ndege anayeletwa akiwa hai achinjwe. Kuhusu aliyekufa kwa marisawa kabla ya kufikiwa, na kuhusu mahali palipoguswa na mate ya mbwa, kauli za wanazuoni zinatofautiana, na madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa pwani yana masharti makali ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Swali hili liulizwe kwa shehe kabla ya msimu, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha mpango.

Kifua cha fezanti hakina mafuta na hukauka haraka, hivyo kipikwe kwa muda mfupi. Mapaja yana mishipa migumu; yachemshe kwa moto mdogo hadi mishipa ichomoke yenyewe, ndipo utie tui la nazi na viungo. Kabla ya chochote kuingia sufuriani, pitisha kidole kwenye kila tundu dogo lenye manyoya yaliyozama, toa marisawa, na kama ulitumia ya chuma pitisha pia sumaku ndogo yenye nguvu juu ya nyama.